Tovuti za umbali wa viwanja vya ndege zinatupotosha: Jakarta hadi Singapore si saa 1 na dakika 6

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, hivyo mnivumilie. Tovuti niliyoitumia kupanga safari yangu ya kurudi Dar es Salaam ilinionyesha kwamba kutoka uwanja wa Soekarno-Hatta, Jakarta, hadi Changi, Singapore, ni kilomita 880, na kwamba muda wa safari ni saa 1 na dakika 6. Umbali huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni huo muda, ambao haukutoka kwenye ratiba ya shirika lolote la ndege, bali ni kilomita 880 zilizogawanywa kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano angeimaliza kwa penseli.

Ndege haianzi safari ikiwa tayari angani. Husukumwa nyuma kutoka langoni, ikajikokota hadi kwenye njia ya kurukia, ikapanga foleni nyuma ya wenzake, kisha ikapanda na kufuata njia za anga zilizowekwa, si ule mstari ulionyooka wa kwenye ramani, huku ikikwepa mawingu ya mvua ambayo katika ukanda ule wa ikweta hayakosekani. Ndiyo maana ratiba za mashirika, zinazohesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, huipa safari hiyo takriban saa 1 na dakika 50.

Kibaya zaidi, tovuti ile haikutamka lolote kuhusu tofauti ya saa. Singapore iko magharibi ya Jakarta, lakini saa zake zimetangulia kwa saa nzima, na mtu anayetazama ramani tu hawezi kulibashiri hilo. (Singapore ilizisogeza mbele kwa nusu saa tarehe 1 Januari 1982 ili ilingane na Malaysia.) Ukitoka Singapore saa 3 asubuhi utafika Jakarta saa 3:50, utadhani umepanda roketi, ukirudi, saa hiyo uliyozawadiwa unadaiwa.

Mimi nilidaiwa. Kwa kuuamini ukurasa ule, nilitangulia kulipia ndege ya kutoka Singapore saa 12 jioni, tiketi isiyobadilishwa wala kurudishwa fedha, nikiamini kwamba nikiondoka Jakarta saa 8 mchana nitatua saa 9 na dakika chache. Nakiri kwamba tiketi ya Jakarta nilipoinunua iliandika saa 10:50, lakini wakati huo maji yalikwisha kumwagika, na ndege za mapema zaidi bei yake haikushikika. Kwa kuwa tiketi zilikuwa mbili tofauti, nililazimika kupita uhamiaji, kungoja begi, na kuanza upya. Nilifika kaunta saa 11:35. Walikuwa wamefunga tangu saa 11 kamili.

Niliwaandikia wenye tovuti. Walinijibu kwamba takwimu zao ni za makadirio. Kama ni makadirio, kwa nini yanaandikwa hadi dakika ya sita? Nawataka waandike wazi, pale pale chini ya namba hiyo, kwamba ni muda wa kukokotoa kwa mstari ulionyooka, na waweke saa za kila mji pembeni yake. Tiketi mpya nimeilipia mwenyewe.