Sitara ya nani? Wanawake wa Pemba na Januari 2001

Bint Micheweni: Assalaam alaykum. Juzi msibani mzee mmoja kasema ya Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa CUF, yaachwe, kwani Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka ule ule, na 2010 tukapiga kura ya maoni tukapata Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mie sikubali. Kule wanasiasa waligawana viti. Waliouawa, zaidi ya 30, angalau walihesabiwa. Na wanawake waliovamiwa majumbani na wenye silaha, wanaume wamekimbia kwa madau hadi Shimoni, Kenya? Shangazi yangu alibaki na watoto watatu. Mpaka leo ukimbishia hodi baada ya isha, huzima taa kwanza, ndipo achungulie dirishani.

Jee, wasikilizwe au wasisikilizwe?

Ami wa Wete: Mwanangu, sisi watu wa sitara. Ukimsimamisha mwanamke hadharani aseme aliyotendwa, umemvua nguo mara ya pili. Na binti yake nani atamposa? Yaliyopita si ndwele.

Bint Micheweni: Shikamoo Ami. Hilo la sitara ndilo lililonikosesha usingizi, maana ni kweli. Lakini tazama Guatemala, kule Amerika ya Kati. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilikwenda miaka 36, vyetu siku chache, silinganishi ukubwa. Kijiji cha Sepur Zarco, miaka ya 1980, wanaume wa Kimaya waliokuwa wakidai hati za ardhi yao walichukuliwa na jeshi. Wake zao wakalazimishwa kwenda kambini kwa zamu, kuwafulia na kuwapikia askari, na huko wakabakwa. Walinyamaza miaka na miaka. Kesi ilipofika kortini 2016, vikongwe wale waliingia wamejitanda mitandio mpaka usoni, wakasikilizwa hivyo hivyo. Afisa wa zamani wa jeshi alihukumiwa miaka 120, na kamishna wa kijeshi wa zamani 240. Korti ikaamuru na fidia, kituo cha afya kikiwamo.

Kwa hiyo Ami, mtu anaweza kusema na sitara yake akabaki nayo. Mie siombi miaka 240. Naomba chumba kimoja hapo Wete, wasikilizaji wawe wanawake, majina yafichwe, matibabu na fidia vifuate.

Nilimuuliza shangazi kama angekwenda. Alikuwa anakuna nazi. Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, kisha akaniuliza: "Nitafuatana na nani?"