Je, ukurasa wa mipangilio ya ruta ya nyumbani unahitaji HTTPS?

Mpangaji wa Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Uyole, Mbeya, katika nyumba yenye wapangaji kadhaa, na intaneti ninayoilipia inatumiwa na wenzangu wote kwa nywila moja ya Wi-Fi, ambayo kila mpangaji mpya hupewa siku anapohamia. Nikifungua 192.168.1.1 ili kurekebisha ruta, kivinjari huandika kwamba ukurasa huo si salama. Nikitanguliza https, yaani njia ya kuwasiliana na ukurasa kwa usimbaji fiche ili asiyehusika asisome, onyo huwa kali zaidi na kufunika ukurasa mzima: "Muunganisho wako si wa faragha". Ikiwa anwani hiyo haitoki nje ya nyumba, kuna haja gani ya usimbaji fiche? Na kwa nini njia inayosemwa kuwa salama ndiyo inayotisha zaidi?

Fundi mitandao, Iringa
Ndugu, nianze na swali la pili. Onyo lile halisemi kwamba mawasiliano yanapita wazi. Linasema kivinjari hakiwezi kuthibitisha kinawasiliana na nani. Mamlaka za vyeti (hati za kidijitali zinazothibitisha utambulisho wa tovuti) zinazoaminiwa na vivinjari hazitoi cheti kwa anwani za ndani, kwa kuwa 192.168.1.1 inatumika katika nyumba nyingi mno duniani na hakuna awezaye kudai ni yake. Ndiyo maana ruta hujitengenezea cheti chake yenyewe. Usimbaji upo, kinachokosekana ni mdhamini.

Hoja ya kwamba anwani haitoki nje ingekuwa na uzito kama ungeishi peke yako. WPA2, yaani ulinzi wa Wi-Fi, ya nywila moja inakukinga na mpita njia, lakini haikukingi na mwenye nywila ileile: akinasa mawasiliano ya simu yako wakati inajiunga na ruta, anaweza kukokotoa ufunguo na kusoma yote yasiyolindwa na HTTPS. WPA3, toleo lake jipya lililotoka mwaka 2018, imeziba pengo hilo, ila ni lazima ruta na simu zote mbili ziwe na uwezo wake. Tena zipo ruta zinazotuma jina na nywila kwa maandishi kama YWRtaW46YWRtaW4=, ambayo mtu akiyaona atadhani ni siri, kumbe ni "admin:admin" tu iliyoandikwa kwa Base64, na kuyasoma hakuhitaji ufunguo wowote. Atakayeipata nywila hiyo anaweza kubadilisha DNS, yaani mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, na tangu hapo ndiye anayeamua simu zenu zote zielekezwe wapi. Kwa nyumba kama yako, basi, HTTPS ina maana kubwa.

Mwalimu wa TEHAMA, Njombe
Naungana na fundi, ila ningependa kazi ifuate mpangilio. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana bila kunasa mawasiliano ya mtu yeyote. Ilijaribu tu majina na nywila za kiwandani. Badilisha kwanza nywila ya ruta, isifanane na ya Wi-Fi. Kisha wahamishie wapangaji wenzako kwenye mtandao wa wageni, ambao katika ruta nyingi hauruhusu kabisa kuufikia ukurasa wa mipangilio.

Mpangaji wa Uyole
Asanteni sana, mtandao wa wageni nimeuona kwenye ruta yangu. Lakini nikizoea kulipuuza onyo la cheti, si mtu anaweza kujifanya ruta nami nikampa nywila mwenyewe?

Fundi mitandao, Iringa
Anaweza, na ndiyo sababu usilipuuze. Mara ya kwanza unganisha kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta, fungua maelezo ya cheti, kisha nakili alama yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokitambulisha cheti hicho) kwenye daftari. Kila onyo linaporudi, linganisha. Alama ikiwa imebadilika ilhali hukuweka ruta upya wala kusasisha programu yake, usiandike nywila. Rudi kwenye kebo uangalie tena. Ukiwa humo ndani, hakikisha pia kwamba usimamizi wa ruta kutoka nje umezimwa, kwa sababu ukiwa wazi, wanaoweza kujaribu nywila yako si wapangaji wa nyumba hiyo peke yao.