Naomba ushauri: gesti ya kizamani Ujiji, tuibomoe au tuifufue?

Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Marehemu baba ametuachia gesti ndogo Ujiji, njia ya kushukia mwaloni. Kaka anataka tung'oe kila kitu, tuweke vigae na madirisha ya alumini. Roho inaniuma.

Sakafu ni saruji nyekundu, ukiipiga polishi inang'aa hadi unajiona. Sebuleni kuna makochi ya mninga yenye vitambaa vya kufuma, maua ya plastiki juu ya redio ya mbao, na ukutani fundi wa mtaani alichora MV Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwa bluu kali, na samaki aina ya migebuka wakubwa kuliko meli yenyewe. Wageni wakitoka makumbusho ya Livingstone kuona zile sanamu zake na Stanley wakisalimiana (walikutana hapa Ujiji 1871), wakija kunywa chai picha ya kwanza ni pale ukutani. Liemba iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924 na kurudishwa kazini. Kama meli ilifufuliwa, sakafu ya baba ivunjwe kwa nini?

Sasa, unyevu unabandua plasta chini ya mchoro. Kuna fundi anayeweza kuitibu bila kuufuta? Vyoo vya ndani na maji ya moto nakubali viwekwe, hapo kaka ana haki. Lakini nimwoneshe hesabu gani akubali mengine yabaki? Mnaoendesha gesti za majumba ya zamani Bagamoyo au Pangani, wageni hulipa zaidi kwa ajili ya ukale huo, au husifia tu na kuondoka?