MREJESHO: Krosova ya spika zangu, Ujiji

Wakuu, niliuliza kwa nini sauti za waimbaji zinazama kwenye spika nilizojiundia, wakati krosova (saketi inayogawa sauti nzito na nyembamba kwa spika tofauti) nilipiga hesabu ya omu 8, igawe kwenye Hz 3,000. Mliosema omu 8 iliyoandikwa kwenye spika ni jina tu, si ukinzani wake halisi, mlipatia. Mita inasoma omu 6.4 kwenye wufa (spika ya sauti nzito), na sauti inavyozidi kuwa nyembamba koili yake inazidi kuzuia umeme. Nilipoingiza vipimo kwenye VituixCAD (programu ya kusanifu spika), grafu ikaonyesha bonde, yaani sauti kushuka, palepale waimbaji wanapozama. Nikaunga rezista ya omu 8 na kapasita ya maikrofaradi 10 mfululizo, zote mbili sambamba na wufa, ili kusawazisha ukinzani huo unaopanda, kisha nikageuza nyaya za twita (spika ya sauti nyembamba) ili sauti za spika hizo mbili zisifutane. Bonde limejaa! Ile kapasita yenye chanya na hasi niliyouziwa sokoni nimeing'oa, maana haifai kwa umeme wa sauti unaogeuka-geuka. Bi mkubwa sasa analalamikia kelele tu.