Windows imepotea baada ya kuweka Linux Mint, fundi anataka kufuta diski nzima. Naombeni ushauri

Binti_Takwimu

Wakuu, habari za jioni. Nasoma takwimu mwaka wa pili hapa Dodoma. Kompyuta yangu ilikuja na Windows 11, diski ni SSD ya GB 512. Mwalimu alitushauri tujifunze Linux (mfumo endeshi mbadala wa Windows, na Mint ni toleo lake mojawapo), nami sikutaka kuiacha Windows kwa sababu kazi zangu zote ziko huko, yakiwemo madodoso 212 ya utafiti niliyoyaingiza mwenyewe kwa mkono. Sina nakala kwingine.

Nikaipeleka kwa fundi. Aliingia kwenye ile menyu ya kabla ya Windows, akazima Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu za kuwashia). Alipowasha, ukatokea ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa tarakimu 48. Akasema hilo si tatizo, akarudi kwenye menyu, akaweka Legacy (hali ya kuwasha ya mtindo wa zamani), akasakinisha Mint kwa flashi. Mint inafanya kazi vizuri, ila Windows haionekani kabisa ninapowasha. Ndani ya Mint naona patisheni (sehemu ya diski) kubwa yenye alama ya kufuli, nikiibonyeza inadai nywila.

Nimerudi kwake, anasema Windows imekufa, afute diski yote apige Windows upya kwa 25,000. Je, ni kweli imekufa? Natanguliza shukrani.

Kamanda wa Bits

Pole dada. Mimi ningemwachia fundi afute, diski iwe MBR (mpangilio wa zamani wa kuigawa diski), apige Windows 10 kwenye Legacy halafu Mint juu yake. Nimetumia mpangilio huo tangu enzi za Windows 7 na haujawahi kunisumbua.

MzeeWaTerminali

Binti, usiruhusu mtu yeyote afute hiyo diski. Kwa maelezo yako Windows ni nzima na madodoso yako yapo. Kilichobadilishwa ni mlango wa kuingilia.

BIOS ya zamani (programu ya bodi mama ya kuwashia kompyuta, ndiyo hiyo Legacy), iliyokuja na IBM PC mwaka 1981, haijui faili wala folda. Inakwenda kwenye sekta ya kwanza ya diski, inasoma baiti 512 na kuendesha msimbo inaoukuta hapo. Humo humo ndimo lilimo jedwali la MBR, ndiyo maana halibebi zaidi ya patisheni kuu 4, na ukubwa wake unagota kwenye TB 2 hivi.

UEFI, mrithi wa BIOS, inafanya kazi kwa namna nyingine. Ifikirie kama mlinzi wa getini mwenye daftari. Daftari limo kwenye chipu ya bodi mama, na kila mstari unamwambia aende patisheni fulani, achukue faili fulani. Patisheni hiyo ni ndogo, ya FAT32, inaitwa ESP. Faili ya Windows ni \EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi. Ukiweka Linux kwa njia sahihi, folda yake inakaa jirani na ya Microsoft na daftari linaongezwa mstari wa pili. Hakuna anayemfuta mwenzake.

Sasa fundi wako aliiwasha flashi kwa Legacy. Mint ikadhani iko kwenye mashine ya zamani, ikaweka GRUB (programu inayoiwasha Linux) kwenye sekta ya kwanza. Windows yako imebaki upande wa UEFI. GRUB iliyowashwa kwa Legacy haiwezi kuiita Windows ya UEFI, na mlinzi wako ameambiwa asifungue daftari. Basi.

Kamanda, nakuheshimu, ila ushauri huo una gharama kubwa kwake. Kuhamia MBR namna hiyo kunateketeza kila kitu, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine nyingi mpya hata hiyo Legacy hazina tena.

Nahodha_Tanga

Kabla hatujaendelea tuthibitishe. Ndani ya Mint fungua terminali, andika `ls /sys/firmware/efi`. Ikisema hakuna kitu kama hicho, basi kweli umewasha kwa Legacy. Kisha andika `lsblk -f` utuwekee majibu.

Binti_Takwimu

Ya kwanza imesema haipo. Ya pili: nvme0n1p1 ni vfat, p3 imeandikwa BitLocker, p6 ni ext4 (nadhani ndiyo Mint). Hapo kwenye BitLocker nimeogopa, sikumbuki kuweka nywila yoyote.

Nahodha_Tanga

Hukuiweka wewe. Mashine nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe kwa BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski) unapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo wa tarakimu 48 hutunzwa kwenye akaunti hiyo. Tumia simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe uliyoanzia, uunakili kwenye karatasi. Fanya hivyo leo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu diski iliyofungwa na BitLocker bila ufunguo hakuna fundi wa kuifungua, hata umlipe kiasi gani.

Na ule ukurasa wa bluu ulitokea kwa sababu hii: chipu ya usalama ya TPM, inayotunza ufunguo ndani ya mashine, hupima jinsi mashine inavyowaka. Secure Boot ilipozimwa kipimo kikabadilika, chipu ikagoma kutoa ufunguo. Rudisha kama ilivyokuwa na mara nyingi itakubali yenyewe.

Binti_Takwimu

Nimeupata ufunguo! Nimeuandika daftarini mara mbili. Niendeleeje?

MzeeWaTerminali

Ingia kwenye menyu ya bodi mama (F2, Del au F10, inategemea mashine). Zima Legacy (mashine nyingine huiita CSM), washa Secure Boot, na kwenye mpangilio wa kuwasha weka Windows Boot Manager juu. Hifadhi, toka. Windows ikifunguka, kabla ya kufurahi chomeka flashi au diski ya nje unakili madodoso. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya miaka miwili kwa kusema nitanakili kesho, na bado inaniuma.

Baadaye fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`. Windows ikizimwa kwa Fast Startup haizimiki kabisa, inalala na patisheni zake mkononi, na Linux ikiandika humo unaweza kuharibu faili.

Kamanda wa Bits

Nimesoma yote, nimejifunza. Hilo la BitLocker sikulifikiria kabisa, dada puuza ushauri wangu wa juu. Swali langu: Secure Boot ikiwa imewashwa, Mint itakubaliwa?

MzeeWaTerminali

Itakubaliwa. Secure Boot inafanana na ofisi inayodai barua ya serikali ya mtaa: bila muhuri hupokelewi. Mint na Ubuntu hutumia faili ndogo iitwayo shim, yenye saini ya Microsoft ambayo bodi mama nyingi huitambua. Shim ikishapita inaikagua GRUB, na GRUB inahakikisha kerneli (kiini cha Linux) nayo ina saini. Kinachosumbua ni draiva za nje kama za kadi ya NVIDIA, hizo hudai uandikishe ufunguo wako mwenyewe.

Binti_Takwimu

Windows IMERUDI. Haikudai hata ufunguo. Madodoso yote 212 yapo, na sasa yapo pia kwenye flashi na kwenye barua pepe yangu. Nimelia kidogo, siwafichi. Sasa Mint ndiyo haionekani.

Nahodha_Tanga

Hongera sana mdogo wangu. Mint tunaihamishia UEFI bila kuisakinisha upya. Chomeka flashi ya Mint, fungua menyu ya kuwashia (F12 au F9), na uchague ule mstari wa flashi ulioanza na UEFI. Hapo ndipo fundi alipokosea. Mint ya kwenye flashi ikifunguka, unganisha intaneti, halafu moja baada ya nyingine:

`sudo mount /dev/nvme0n1p6 /mnt`
`sudo mkdir -p /mnt/boot/efi`
`sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi`
`for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/$i; done`
`sudo chroot /mnt`
`apt update`
`apt install grub-efi-amd64-signed shim-signed`
`grub-install`
`update-grub`

Namba za patisheni nimezitoa kwenye majibu yako, zihakiki tena kwa `lsblk -f` kabla ya kubonyeza. Usiiumbize upya p1 kwa hali yoyote, ndimo ilimo faili ya kuwashia Windows. Mwisho ongeza kwenye faili ya /etc/fstab mstari wa ESP (hiyo p1), kwa UUID yake (namba ya utambulisho inayoonyeshwa na `lsblk -f`), ili /boot/efi ipandishwe kila unapowasha. Usishangae daftari la UEFI likiandika "ubuntu" badala ya Mint, ni kawaida yake.

Jambo moja zaidi. Ukitaka Windows, ichague kwenye menyu ya kuwashia ya mashine yenyewe. Ukiipitia kwenye GRUB, mnyororo wa saini unakuwa tofauti na BitLocker inaweza kukudai zile tarakimu 48.

Binti_Takwimu

Zote mbili zinawaka! Mint kawaida, Windows kwa F12. `ls /sys/firmware/efi` sasa inaonyesha faili nyingi. Nimemwonyesha na fundi uzi huu, ameusoma wote na kuomba zile amri aziandike kwake.

Ila Windows sasa inasema ni saa moja asubuhi na hapa ni saa nne.

Nahodha_Tanga

Saa ya bodi mama ni moja, nao wanaigombania. Linux huandika humo saa ya UTC, Windows huisoma kama saa ya hapa, ndiyo maana umerudi nyuma saa tatu kamili. Ingia Mint, andika `timedatectl set-local-rtc 1`, kisha fungua Windows uilinganishe saa mara moja.

Binti_Takwimu

Saa nne na dakika kumi na mbili, kote kuwili. Asanteni sana.