Zulia la hariri ya Kashmir nililolipia Agra limefika Dar likiwa gundi na viskosi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kuna duka Agra limechukua rupia 95,000 zangu, karibu milioni tatu za kwetu, kwa zulia la futi nne kwa sita, hariri tupu, lililofungwa mafundo kwa mkono huko Kashmir. Kilichonifikia Dar ni takataka. Jina la duka silitaji kwa sasa kwa sababu malalamiko rasmi yanaandaliwa, ila ujanja wao nauanika wote. Watanzania wanaopeleka wagonjwa India ni wengi, na kila mmoja anaambiwa akifika asiache kwenda kuona Taj Mahal.

Mzee wangu alitibiwa Delhi, akapewa muda wa kupumzika kabla ya kurudi kwa daktari, tukakodi gari twende Agra. Dereva mtu mzuri kweli, anamfungulia mzee mlango, anamshika mkono kwenye ngazi. Tulipotoka Taj tukasema tuna njaa, yeye akatupeleka "kiwanda cha serikali." Serikali gani? Duka la serikali ya India la kazi za mikono liko Delhi, barabara ya Janpath, linaitwa Central Cottage Industries Emporium, na maduka ya serikali za majimbo yamepangana Baba Kharak Singh Marg, hapohapo Delhi. Bei zimebandikwa. Dereva hakupeleki huko kwa sababu hana cha juu anachopata. Hawa wa barabarani wanajichorea tu neno la serikali kwenye bango, dereva anakatiwa chake, na hicho chake mnakilipa ninyi.

Ndani wamejipanga. Mlangoni kuna mzee ameketi mbele ya kitanda cha kufumia, anafunga mafundo, anakata uzi kwa kisu, vidole huvioni kwa kasi. Inakuja chai ya maziwa na iliki. Vijana wanakunjua mazulia moja juu ya jingine, wanalizungusha: ukisimama huku rangi imekolea, ukihamia kule inang'aa. Mwenye duka anachomoa nyuzi mbili tatu, anawasha kiberiti. Zinanuka nywele zilizoungua, jivu linasagika kwenye vidole. Hiyo ni hariri kweli, hapo hakudanganya.

Na ndipo utapeli ulipojificha, maana zulia nililochagua lilikuwa halali kabisa. Nililigeuza mwenyewe. Ua la mbele lilionekana nyuma vilevile, fundo kwa fundo. Matamvua yalikuwa ncha za mtande wenyewe, yaani nyuzi za urefu zinazobeba mafundo, yametoka mwilini mwa zulia. Wakaniambia niweke sahihi yangu nyuma kwa wino, wakapiga picha, eti nisije nikabadilishiwa. Usafirishaji hadi bandarini Dar ni bure. Nikasaini. Picha ninayo hadi leo.

Lililokuja limeshonewa ndani ya kitambaa cha gunia, na kabla hata sijalifungua limeshanuka mpira. Sahihi hakuna. Nyuma kuna kitambaa cha pamba kimebandikwa zulia zima. Matamvua yamepigwa cherehani. Nikachukua wembe nikapasua kile kitambaa: gundi imekauka, inapukutika unga sakafuni. Nikachoma uzi, ukanuka karatasi. Mtoto alimwaga maji kidogo, pale pamekakamaa na kuwa njano. Hiyo ni viskosi, nyuzi za kiwandani zinazotokana na massa ya miti. Dukani inang'aa kuliko hariri yenyewe, ila maji haiyawezi.

Na ushuru nimelipa. Kwa thamani ya hariri, kwa sababu ankara yao ndiyo inasema bei hiyo.

Nikawaandikia WhatsApp. Jibu la kwanza: sahihi imetoka wakati wa kuliosha mara ya mwisho. Nikauliza, na kile kitambaa nyuma? Jibu: tumekuongezea kulinda sakafu yako, hatujakutoza. Nikatuma picha ya gundi. Kimya. Tiki mbili za bluu mpaka leo.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo, kwa sababu hiki ndicho kinachoniuma kuliko hata pesa. Zulia la mafundo linaanza na nyuzi za mtande zilizovutwa kwenye kitanda. Fundi anafunga fundo moja moja kwenye mtande, akimaliza mstari anapitisha mshindio, uzi wa kukatiza, anaugonga kwa chanuo la chuma ukae, anaanza mstari mwingine. Kashmir mafundi wanasoma talim, karatasi yenye alama zinazosema rangi gani, mafundo mangapi, mstari kwa mstari. Zulia la Kashmir la mafundo 324 kwa inchi ya mraba ni la kawaida tu, yapo yanayozidi hapo mara mbili. Kwa futi nne kwa sita hayo ni mafundo zaidi ya milioni moja na laki moja. Tuseme fundi ana mkono mwepesi, anafunga elfu nane kwa siku: ni zaidi ya miezi minne bila kupumzika hata siku moja.

Hili langu limepigwa bunduki. Wanatundika turubai la pamba lililochorwa maua, wanatoboa kwa mashine ya mkononi inayosukuma uzi, wanapaka gundi nyuma ili nyuzi zisitoke, wanaficha gundi kwa kitambaa. Fundo hata moja hakuna. Siku chache kazi imekwisha. Sisemi mazulia ya namna hiyo yasiuzwe. Yauzwe kwa bei yake, mtu ajue ananunua nini. Lakini kuyauza kwa bei ya Kashmir ni kumwibia mnunuzi na kumwibia yule mzee wa mlangoni, ambaye kazi yake imegeuzwa chambo.

Halafu iwe Agra! Mji ambao Akbar, mfalme wa Wamughal, aliweka karakana za mazulia karne ya 16. Mji ambao wafungwa wa jela yake walimfumia Malkia Victoria zulia lililo kwenye ukumbi wa Waterloo ndani ya kasri la Windsor, na bado lipo. Wafungwa walifuma kazi ya kudumu zaidi ya karne. Wezi wako nje, wana duka lenye kiyoyozi.

Benki yangu nayo imenichosha. Nimepinga malipo ya kadi, wanasema risiti imeandikwa "zulia la kazi ya mkono, rangi ya krimu," na zulia la bunduki nalo limeshikwa kwa mkono, kwa hiyo mzigo umefika kama ulivyoandikwa. Angalia walivyojipanga! Dukani maneno yote yalikuwa hariri, Kashmir, mafundo. Kwenye risiti hakuna hata moja. Mdai aandike: hariri au sufu, mtande wa nini, mafundo mangapi kwa inchi, limefumwa wapi. Akikataa kuandika, nyanyuka uondoke, chai yake mwachie.

Cheti alichonipa kina muhuri wa dhahabu na kimetolewa na yeye mwenyewe. Lebo za kweli, zisizotolewa na muuzaji mwenyewe, zipo. Mazulia ya Kashmir yamesajiliwa kwa jina la asili yake tangu 2016, yaani jina hilo ni la yaliyofumwa huko tu, na yanayopimwa Srinagar, mji wa hukohuko Kashmir, yanawekewa lebo ya kuskani kwa simu. Ipo pia GoodWeave, iliyoanza 1994 kwa jina la Rugmark kutokana na harakati za Kailash Satyarthi, mtetezi wa watoto wa India, yule wa Nobeli ya amani ya 2014. Hiyo inahusu kutotumikishwa kwa watoto, na kila lebo ina namba yake.

NYONGEZA: Kwa anayeuliza kwa nini sikununua la Uturuki Kariakoo nikatulia: mkuu, la Kariakoo ni la mashine na muuzaji anakwambia ni la mashine. Hajawahi kunidanganya.

NYONGEZA 2: Mdau aliyesema mazulia yote ya India ni feki, hapana. Bhadohi na Mirzapur, karibu na Varanasi, wanafuma sufu safi na ndiyo kitovu cha mazulia ya India. Na kama hela ni ndogo, chukua busati la pamba, wenyewe wanaita dari. Halina manyoya wala gundi, ni mtande na mshindio tu, pande zote mbili zinatumika. Dada mmoja humu kaweka picha ya la kwake, la miaka mingi, linafuliwa kama shuka na bado lina rangi.

Nimeshapata namba ya msaada wa wanunuzi India, 1915, ila ukiwa Dar haipokei. Polisi wa utalii wapo Agra. Nahitaji mtu aliye Delhi au Agra, mwanafunzi au yeyote, anayeandika Kihindi vizuri na anayeweza kupeleka karatasi kwa mkono. Nauli na chakula juu yangu. Picha za sahihi, risiti, ankara na mazungumzo yote ya WhatsApp viko tayari. Njoo PM.