Kibanda cha mbao mlimani, hakuna umeme: usiku tunalalaje?

Mwanamvua: Wadau, habari za leo. Mimi na mume wangu tumekodi kibanda cha mbao mlimani, mita 2,400 hivi. Maji ya kijito, choo cha nje, joto ni la jiko la kuni. Mwenye kibanda kasema mablanketi yapo, ila mimi baridi siiwezi kabisa. Nijiandaeje?

kiboko_7: Tochi ya kuvaa kichwani, dada. Choo cha nje usiku kinataka mikono yote miwili.

Mzee Kuni: Binti, nimetunza vibanda vya namna hiyo miaka mingi, na wageni wengi hulia na jambo moja: wanawasha moto meno yameshaanza kugongana. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua nyuzi 6 hivi, na jua likizama linashuka zaidi. Washa jua lingalipo, kuta zishike joto.

Kuni zikague mchana. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa kishindo kizito kisicho na mwangwi. Vibichi ni moshi mtupu. Halafu fungua kile kibati cha kuzuia hewa kwenye bomba la moshi. Bomba likiwa la baridi, moshi hurudi ndani, kwa hiyo choma kwanza karatasi moja karibu na mdomo wake, ukiona mwali unavutwa juu ndipo uweke kuni.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani, hata likibaki makaa tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, mtu analala asiamke. Hili sitanii. Hata kwa jiko la kuni, dirisha liache wazi kidogo.

Mwanamvua: Asante sana mzee wangu. Mume wangu anasema moto ni kazi yake, sijui aliwasha lini mara ya mwisho! Na maji je? Tumeambiwa ni safi, tunywe tu.

Mzee Kuni: Mwambie afanye majaribio mchana, mkiwa bado mnacheka. Maji chemsheni. Huko juu yanatokota kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, basi yaache yatokote dakika 3 nzima.

kiboko_7: Simu lala nayo ndani ya blanketi. Baridi inamaliza chaji upesi.